Udongo wa shamba la baba mkwe: umekufa, au una njaa?

"Shikamoo mtaalamu. Ninalima ekari mbili na nusu huku Inyala, Mbeya Vijijini, shamba la marehemu baba mkwe. Yeye alifyeka msitu, na mume wangu anakumbuka mzee akivuna gunia 20 za mahindi kwa ekari bila kuweka mbolea yoyote. Sisi tunalima mahindi na viazi kila mwaka kwa plau ya ng'ombe. Mabua tunachoma, tusipochoma majirani wanaingiza ng'ombe. Msimu uliopita nimepata gunia nane kwa ekari, na mbolea ya DAP niliweka na ya Urea niliweka. Kibaya zaidi ni kipande nilichokuwa nimelima kabichi mwaka mzima kabla ya mahindi: mahindi yaliota yakawa na majani ya zambarau, yakadumaa. Muuza pembejeo ananiambia mbolea za chumvichumvi zimeua vijidudu vyote vya udongo, anayo chupa ya bakteria ya kuvirudisha. Jirani aliyetoka semina ananiambia niache kulima kabisa, nipande bila kutifua. Shemeji anasema nikodi trekta nilime kwa kina zaidi. Je, udongo umekufa kweli? Nimsikilize nani?"

Marahaba, dada. Swali lako nimelisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, kwa sababu umenipa mambo ambayo wengi huyasahau: shamba lilitoka wapi, mabua yanaishia wapi, na ni kipande kipi hasa kimeharibika. Hicho cha kabichi ndicho kilichonifanya nitabasamu, nitakueleza kwa nini.

Kwanza nikutoe hofu. Udongo wako haujafa. Una njaa, na huenda pia umechachuka. Washauri wako watatu wameona dalili za kweli, ila kila mmoja ameandika dawa kabla ya kupima mgonjwa.

Tuanze na zile gunia 20 za mzee. Msitu alioufyeka ulikuwa umedondosha majani miaka nenda rudi bila mtu kuyafagia. Chini ya majani hayo bakteria, fangasi, nyungunyungu, mchwa na wengine wasioonekana kwa macho walikuwa wanakula, wanakufa, wanaliwa na wenzao. Mabaki ya karamu hiyo ndiyo mboji. Utelezi unaotoka kwa bakteria, pamoja na nyuzi nyembamba za fangasi, hugandisha chembe za udongo zikawa vidonge vidogo, vingine kama ulezi, vingine kama mtama. Kati ya kidonge na kidonge hubaki matundu ya hewa na maji. Na ndani ya kidonge kuna mboji iliyojificha, bakteria hawaifikii kwa sababu njia ni nyembamba na hewa ni haba. Hiyo ndiyo akiba ya shamba: iko ghalani na mlango umefungwa.

Jembe likipita, linavunja vidonge. Mboji iliyojificha inatoka nje, hewa inaingia, na bakteria waliokuwa wamejikunja kwa njaa wanaivamia. Kaboni nyingi wanaipumua ikawa hewa ya ukaa, kama wewe na mimi tunavyoupumua ugali tuliokula jana. Naitrojeni iliyokuwemo inaachiwa, mimea inaichukua. Ndiyo maana shamba jipya hunawiri vile, na ndiyo maana baada ya palizi ya jembe mahindi hukolea kijani kana kwamba yamewekewa mbolea. Yamewekewa kweli, ila imetoka ghalani kwako mwenyewe. Mzee hakulima bila mbolea. Alitumia mbolea ya msitu, ambayo hakuna aliyemtumia bili yake.

Bili imekuja kwako. Mwaka 2002 watafiti Guo na Gifford walikusanya vipimo kutoka tafiti 74: msitu wa asili ulipogeuzwa shamba la mazao, kaboni ya udongo ilishuka kwa wastani wa asilimia 42, na malisho yalipolimwa ilishuka asilimia 59. Haishuki sawasawa kila mwaka. Miaka ya mwanzo ndiyo hula kingi, kisha kasi hupungua kwa kuwa kilichobaki ni kile kigumu kutafuna. Udongo wa huko kwenu, kama sehemu kubwa ya ukanda wa Uyole kuelekea Rungwe, una majivu na mawe mepesi ya volkano, na udongo wa aina hiyo huing'ang'ania mboji kuliko udongo wa kichanga. Kwa hiyo umechelewa kuchoka. Tatizo ni kwamba huing'ang'ania na fosforasi, kwa nguvu ileile, na mmea unabaki unaitazama tu.

Usiniamini kwa maneno. Chukua bonge la udongo lenye ukubwa wa limau kutoka katikati ya shamba, na jingine kutoka mpakani, chini ya miti ambako jembe halijafika. Yaanike ndani mpaka yakauke kabisa, siku tatu au nne. Kisha jaza maji glasi mbili za kuonea, weka kila bonge juu ya kipande cha wavu wa dirisha uliokunjiwa mdomoni mwa glasi, bonge lizame nusu. Kaa utazame. La mpakani litatoa mapovu machache na kubaki bonge, maji yakiwa meupe. La shambani, kama ninavyokisia, litaanza kumomonyoka kabla hujamaliza kikombe cha chai, na maji yatakuwa kama ya mto Mbarali wakati wa masika. Udongo ni uleule, mvua ni ileile, baba yao mmoja. Tofauti ni gundi, na gundi hiyo hutengenezwa na walio hai wakiwa wameshiba. Hilo bonge linalomomonyoka glasini ndilo linalofunga uso wa shamba mvua ya kwanza ikipiga, maji yakatiririka badala ya kuzama.

Sasa neno "kufa". Huko Rothamsted, Uingereza, kuna kituo cha utafiti ambacho majaribio yake ya mashamba yalianza mwaka 1843. Miaka ya 1950 walichukua kipande cha nyasi za miaka mingi wakakilima, kisha wakakiacha kitupu: kinatifuliwa kila mara, hakiruhusiwi kuota hata jani. Hakuna mzizi, hakuna bua, hakuna samadi. Baada ya kama miaka 50 wanasayansi walikwenda kuhesabu bakteria. Idadi ilikuwa imeporomoka vibaya ikilinganishwa na nyasi za jirani, na mboji ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu. Lakini aina za bakteria hazikupungua hivyo. Walikuwa wachache, wamekonda, ila kila ukoo bado una mtu nyumbani. Mwaka 2008 sehemu ya kipande hicho ilirudishiwa nyasi, na udongo ukaanza kujijenga upya bila mtu kuleta chupa ya bakteria. Ilikuja mizizi tu.

Ukitaka ushahidi wa karibu zaidi, subiri mvua ya kwanza. Ile harufu nzuri inayopanda ardhini, inayowafanya wajawazito wamung'unye udongo, sehemu yake kubwa hutengenezwa na bakteria wa udongoni. Shamba lako likinukia hivyo, kuna watu ndani.

Hapo ndipo ninapoachana na muuza pembejeo wako. Ekari moja ya udongo, kina cha sentimita 20 tu, hata tukichukulia ni mwepesi wa volkano, ina uzito wa zaidi ya tani 600, na gramu moja ya udongo huo inaweza kuwa na bakteria mamilioni kwa mamilioni. Ukimwaga lita moja ya wageni humo, unaongeza midomo kwenye nyumba isiyo na unga. Wenyeji wana njaa na wamezoea baridi ya Inyala. Wengi wa wageni hawatadumu. Sisemi bidhaa zote za bakteria ni porojo. Ukipanda soya kwenye shamba ambalo halijawahi kuona soya, kuchanganya mbegu na bakteria wake maalumu kunalipa, kwa sababu mara nyingi bakteria hao hawamo humo kabisa. Kwa maharage matokeo hayatabiriki, kwa kuwa udongo wetu tayari una bakteria wenyeji wa maharage, wengine hodari na wengine wavivu, na hawampishi mgeni. Kama muuzaji hawezi kukutajia jina la bakteria aliyemo, zao linalohusika, tarehe ya kuisha na jinsi chupa ilivyotunzwa (kama inakaa dirishani inapigwa jua, umeshapata jibu), tumia hela hiyo kununulia mbegu ya ngwara, ule mmea unaotambaa wa jamii ya maharage.

Vipi kuhusu mbolea za viwandani kuua vijidudu? Hapa pana ukweli nusu, na nusu hiyo ni muhimu. Mwaka 2014 Geisseler na Scow wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walikusanya majaribio 64 ya muda mrefu. Mashamba yaliyowekewa mbolea yalikuwa na vijidudu vingi kuliko yasiyowekewa kitu, kwa wastani wa asilimia 15 hivi. Sababu yake haihitaji darubini: mbolea imekuza mmea, mmea umeacha mizizi na mabua, vijidudu vimekula. Lakini pale ambapo mbolea ilishusha pH ya udongo (kipimo cha uchachu: kadiri inavyoshuka, ndivyo tindikali inavyozidi) chini ya 5, hali iligeuka, vijidudu vikapungua.

Kinachoshusha pH ni bakteria wenyewe. Urea na DAP huleta naitrojeni katika hali ya amonia. Kuna bakteria wanaoishi kwa kuigeuza amonia hiyo kuwa naitreti, na kazi hiyo inamwaga tindikali. Mvua kubwa ya Mbeya inaosha naitreti pamoja na kalisi na magnesi, tindikali inabaki. Mfuko mmoja wa Urea wa kilo 50 unaweza kuacha tindikali ya kuhitaji kama kilo 40 za chokaa kuizima. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) ni kali zaidi: mfuko wa uzito huohuo unahitaji karibu kilo 55, ingawa naitrojeni yake haifiki nusu ya ile ya Urea. Mbolea ya CAN ni mpole, ndani yake mna chokaa. Sasa hesabu miaka ambayo mmeweka Urea bila kuweka chokaa hata debe moja. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imelala udongoni huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, fosforasi inazidi kufungwa, na bakteria wa maharage wanazidiwa. DAP yako ya bei kubwa inaishia mikononi mwa alumini.

Lakini usikimbilie kununua chokaa kesho. Udongo wa volkano una ubishi: ekari moja inaweza kuhitaji mara mbili au tatu ya kile ambacho shamba la kichanga lingehitaji, na bila kipimo unabahatisha tu. Tena wewe unalima viazi, na viazi havipendi chokaa nyingi. pH ikipanda, ugonjwa wa magamba kwenye ngozi ya kiazi hupata nguvu, na mnunuzi wa viazi hatazami kitu kingine ila ngozi.

Sasa kabichi. Mizizi ya mahindi, maharage, viazi, ngano na mimea mingine mingi huishi kwa ubia na aina fulani ya fangasi. Fangasi huingia ndani ya mzizi, mmea unampa sukari, naye anatoa nyuzi nyembamba kuliko unywele ambazo hutambaa kwenye udongo, zikapenya matundu ambayo mzizi hauwezi kupenya, na kurudi na fosforasi. Fosforasi haisafiri udongoni kama naitrojeni. Hukaa ilipo, mmea ndio unaoifuata. Kwa udongo unaoing'ang'ania kama wa kwenu, fangasi hawa ndio miguu ya mahindi. Ukoo wa kabichi, yaani kabichi yenyewe, sukuma wiki, figili na haradali, hauna ubia huo. Ukilima kabichi mwaka mzima na kupalilia vizuri (nina hakika ulipalilia vizuri, watu wa kabichi ni wasafi), fangasi wamekaa mwaka mzima bila mwenyeji wa kuwalisha. Kisha plau ikakata nyuzi zilizobaki. Mche wa mahindi ukaota ukiwa peke yake, fosforasi ikiwa sentimita mbili tu kutoka ulipo na hakuna wa kuileta. Mmea ukikosa fosforasi hushindwa kutumia sukari yake, sukari inajaa majani, na rangi ya zambarau inatokea.

Baridi peke yake nayo huleta zambarau, ndiyo, ila ingekuwa baridi tu isingechagua kipande. Mstari unaofuata mpaka wa kabichi ya mwaka jana unanielekeza kwa fangasi. Dawa yake ni rahisi: msimu huu kipande hicho panda maharage au njegere kabla ya kurudisha mahindi, maana mimea hiyo huwalisha fangasi haohao. Na siku nyingine baada ya kabichi usiweke mahindi mara moja.

Nakuja kwa jirani na shemeji. Jirani ana hoja: kila usipotifua, vidonge vinabaki na nyuzi za fangasi hazikatwi. Ila "acha kulima kabisa" nimeishauri mwenyewe wakati fulani, nikajuta. Ilikuwa shamba la mkulima mmoja upande wa Kilolo, mteremko mzuri, mkulima msikivu. Nikamwambia asitifue, afunike mabua, apande. Mahindi yakaota manjano. Sikuwa nimemwambia kwamba mabua ya mahindi yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, na kwamba bakteria wakianza kuyala huchukua naitrojeni ya udongo kwanza ili wajenge miili yao, mmea unasubiri foleni. Magugu nayo yakaona hakuna jembe, yakaalika ndugu. Alipata pungufu kuliko mwaka uliotangulia, na hakunirudia. Tangu hapo ninasema ukweli wote: mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Pittelkow waliunganisha tafiti 610 duniani na kukuta kwamba kutotifua, kwa ujumla, kulipunguza mavuno kwa wastani wa asilimia 5.7. Pale kulipoambatana na kufunika udongo na kubadilisha mazao pengo lilipungua sana, na kwenye maeneo makavu ya kutegemea mvua mavuno yaliongezeka. Inyala si kukavu. Na viazi, utavivunaje bila kufukua?

Wazee wa nyanda hizi waligeuza udongo na hawakuuua. Wamatengo kule Mbinga hukata nyasi, huzilaza kwa miraba juu ya mteremko, kisha huchimba udongo wa katikati na kuzifunika. Yale mashimo ya ngoro yameshikilia milima mikali kwa zaidi ya miaka mia. Wafipa wa Rukwa hufunika nyasi ndani ya matuta ya mviringo, ntumba, mwishoni mwa mvua zikaoza humo. Jembe limetumika, tena sana. Ila kila jembe liliposhuka lilikuwa na chakula chini yake. Tazama lako sasa: linafungua ghala kila mwaka, na kiberiti au ng'ombe wa jirani wanahakikisha hakuna kinachorudi. Nikilazimika kuchagua kosa moja la shamba lako, siliweki kwenye plau. Ninaliweka kwenye kiberiti.

Shemeji naye si mjinga. Chimba shimo la sentimita 40 katikati ya shamba mahindi yakiwa marefu kiasi cha goti. Kwangua ukuta wa shimo kwa kisu taratibu kuanzia juu. Plau ya ng'ombe ikipita kina kilekile miaka mingi, mara nyingi kati ya sentimita 12 na 18, chini yake hujengeka tabaka gumu. Kisu kitakwambia kwa mkono, kitagoma. Tazama mizizi hapo. Ikiteremka vizuri kisha ikakunja kiwiko na kutambaa kando, shemeji amepatia kwamba kuna tatizo, amekosea dawa. Trekta lenye sahani hugeuza udongo wa chini, wenye tindikali na usio na mboji, ukaja juu, na wako wa juu ukazikwa. Unachohitaji ni kuupasua huo mwamba bila kugeuza: ripa (jembe lenye ncha ya kupasulia udongo) ya kukokotwa na ng'ombe kwenye mistari ya kupandia tu, udongo ukiwa mkavu, au mashimo ya kupandia yaliyochimbwa kwa jembe la mkono mpaka chini ya tabaka. Mara moja. Kisha msimu unaofuata panda kwenye mistari ileile. Kisu kisipogoma popote, mwambie shemeji ahsante na uweke hela yako.

Jambo linaloniumiza kichwa katika kukushauri ni mabua. Mahindi huacha mabua yenye uzito unaokaribiana na wa punje, kwa hiyo gunia nane ni kama kilo 800 za mabua kwa ekari. Kufunika udongo kwa kiwango cha maana unahitaji tani moja na zaidi. Huna! Hata ukimfukuza kila ng'ombe wa kijiji, huna. Kwa hiyo nisikudanganye kwamba utaacha mbolea ya dukani uishi kwa mboji ambayo bado haipo. Mbolea ndiyo itakayokukuzia mizizi na mabua ya kuanzia. Iweke kidogo kidogo na karibu na shina, Urea uigawe mara mbili badala ya kuimwaga kwa mkupuo, na kila inapowezekana iende pamoja na kiganja cha samadi iliyooza ndani ya shimo. Mzizi wenyewe, usiouona, ndio mlo mtamu kuliko bua. Hauchomwi, haupelekwi kwa ng'ombe.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi kwenye ekari zako mbili na nusu. Ekari moja tu ya majaribio. Kipande cha kabichi kiende maharage au njegere. Kwenye mahindi, palizi ya pili ikiisha, ningepanda ngwara katikati ya mistari. Itatambaa baada ya mahindi kukomaa na kuulinda udongo kiangazi, na majani yake yana naitrojeni ya kutosha kuyasaidia mabua kuoza bila kuyanyima mahindi yanayofuata. Ukipata marejea, ule mmea ulioenezwa sana na Wabenediktini wa Peramiho, panda mstari mmoja uone kama unaipenda baridi yenu. Viazi viendelee, ila visirudi mahali pamoja kila mwaka. Na majirani zungumza nao mapema, kabla ya mavuno, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kama ikibidi. Mpe mwenye ng'ombe nusu ya mabua, mkubaliane alete samadi. Ukimkatalia yote atachunga usiku.

Maharage yakianza maua, ng'oa mche mmoja kwa uangalifu na upasue vinundu vya mizizi kwa ukucha. Ndani vikiwa vyekundu kama nyama, bakteria wanafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, wamo ila hawazalishi. Na kama vinundu havipo kabisa, fikiria tindikali kabla ya kumfikiria muuza chupa.

Usitegemee gunia 20 mwakani. Mabadiliko ya bonge kwenye glasi unaweza kuyaona baada ya misimu miwili au mitatu. Mboji yenyewe inaongezeka polepole mno, na kiwango cha msitu wa mzee pengine hakitarudi shamba likiendelea kulimwa.

Kuna mambo siwezi kuyamaliza nikiwa huku. La kwanza ni pH na fosforasi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kiko karibu nawe kabisa, wapelekee udongo kabla ya mvua. Tembea shamba kwa zigizaga, chukua udongo sehemu 10 hadi 15, juu mpaka kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki (isiwe ile iliyobeba mbolea, utapima ndoo), kisha fungasha kama nusu kilo. Kipande cha kabichi kipe mfuko wake peke yake. Mwambie anayepokea kwamba unalima viazi pia, ili ushauri wa chokaa uzingatie hilo. La pili, kama viazi vyako vinanyauka vikiwa bado kijani, kata shina karibu na ardhi, lisimamishe kwenye glasi ya maji safi. Vikianza kuteremka vijiuzi vyeupe kama moshi wa maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria. Hapo ushauri wangu wa udongo usubiri. Mwite afisa ugani aje shambani, usipeleke mbegu ya viazi hivyo kwa mtu, na usipande viazi wala nyanya hapo mpaka amekuelekeza.

Na kuna kazi moja ya kufanya Desemba mvua zikishakolea. Tafuta kanga kuukuu ya pamba, ya pamba kweli, maana siku hizi kuna za polista na hizo hazitaliwa na kitu. Kata vipande vitatu sawa, ukubwa wa kiganja. Kimoja kizike katikati ya mahindi, kimoja kwenye kipande cha kabichi, kimoja mpakani chini ya miti, vyote kina cha kidole, na uweke kijiti cha alama. Fukua mwishoni mwa Februari. Pamba ni chakula cha fangasi na bakteria, watakuwa wameandika jibu lao kwenye kitambaa. Suuza taratibu, anika, kisha uniandikie kila kipande kimebaki na matundu kiasi gani.